Keki ya Limau na Sitini ya Baba

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaacha na hadithi za UE na madesa ya usiku kucha, halafu kimya. Nilikuwa BTP, kufundisha Kemia kidato cha pili na cha tatu, kisha nikaenda nyumbani Muheza. Sasa nimewahi kurudi Mlimani kumalizia ripoti. Hosteli tupu, chumba cha watu wanne nalala peke yangu kama mkuu wa mkoa. Nafasi ya kuandika ipo, na leo nataka kuwasimulia habari ya keki.

Najua mnacheka. Hapa chuo siku ya kuzaliwa tunaijua: ndoo ya maji, unga wa ngano kichwani, picha mbili tatu, kila mtu arudi kusoma. Keki ni ya mwenye bahati ya kuzaliwa wiki ambayo bumu limeingia. Na kwetu nyumbani ndo kabisa, hatuna utamaduni huo. Sisi watoto watatu tumekua bila kupuliza mshumaa hata mmoja, na wala hatukuona pengo. Mama alikuwa anakumbuka asubuhi, anasema "leo umeongeza mwaka, ongeza na akili," basi, sherehe imeisha.

Lakini tarehe 13 Septemba 2025 ilikuwa tofauti. Siku hiyo Baba alitimiza miaka sitini.

Kwa mtu mwingine sitini ni namba tu. Kwa mtumishi wa serikali sitini ni mlango. Ukifika hamsini na tano unaweza kustaafu kwa hiari yako, ukifika sitini unastaafu upende usipende. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, kaajiriwa mwaka 1987. Piga hesabu, miaka 38 ya chaki. Barua ilikuwa imeshakuja, na kwenye kalenda ya ukutani mtu alikuwa ameizungushia tarehe 13 kalamu nyekundu. Hakuna aliyekiri kuizungushia, na hakuna aliyekuwa anaitaja.

Nilipofika nyumbani mwanzoni mwa mwezi nilikuta nyumba imebadilika. Si kwamba kuna ugomvi, hapana. Ni ule ukimya wa watu wanaopishana kwa adabu. Mama alikuwa na daftari lake la hesabu, analifunga kila nikiingia sebuleni. Usiku mmoja alisahau kulifunga nikaona: ada na matumizi ya mdogo wangu wa kidato cha pili, bati za chumba cha nyuma ambacho hakijaisha, dawa za Bibi za presha, na mimi, mwaka wangu wa mwisho. Chini yake ameandika neno moja, "mkupuo", na alama ya kuuliza.

Wenye wazazi watumishi mnaelewa. Kile kikokotoo kimesemwa kila kona ya nchi. Zamani kundi alilomo Baba lilikuwa linalipwa nusu ya mafao kwa mkupuo, inayobaki inakuja kila mwezi kama pensheni. Julai 2022 mkupuo ukashuka hadi asilimia 33, na mwaka 2024 ukapandishwa hadi asilimia 40. Kwenye televisheni hizo ni asilimia tu. Kwenye daftari la Mama ni bati ngapi.

Halafu kuna Bibi. Bibi yeye alikuwa na kesi yake kabisa. Yeye anasema Baba hajafika sitini.

Yaani hapa msikilize vizuri. Bibi hajui tarehe, lakini anajua mvua. Anasema mwanawe alizaliwa vuli, na Azimio la Arusha lilipotangazwa kwenye redio alikuwa naye mgongoni, shingo bado haijakaza. Azimio ni Februari 1967. Mtoto ambaye shingo haijakaza ana miezi mitatu hivi. Rudi nyuma, unaangukia Novemba 1966. Sasa hiyo 13 Septemba 1965 ya kwenye vyeti ilitoka wapi? Ilitoka kwa mwalimu aliyekuwa anaandikisha darasa la kwanza, Januari 1973. Wazee wetu wanaijua mitihani ya siku hizo: unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukigusa sikio la kushoto umefika umri wa shule. Baba alikuwa na mikono mirefu, akagusa. Kimo kinasema amefika, mama mtu hana karatasi, mwalimu akajaza tarehe inayofaa. Ikaenda hivyo hivyo kwenye cheti cha darasa la saba, cha kidato cha nne, cha ualimu, mpaka kwenye fomu ya ajira. Na tarehe uliyoijaza siku unaajiriwa ndiyo inayokufuata mpaka mwisho.

"Wamemwibia mwanangu mwaka mzima na miezi," Bibi anasema.

Baba akisikia hivyo anajibu taratibu tu, "Mama, karatasi hiyo ndiyo iliyoniajiri. Wacha inistaafishe." Kisha anaenda zake chini ya mlimau.

Sasa wazo la keki. Lilianza na mdogo wangu, usiku tunaosha vyombo. Aliniuliza, "Kaka, hivi Jumamosi tutafanya nini? Au tutakaa tu tunamwangalia?" Swali hilo lilinikaa. Mimi mwenyewe nasomea ualimu, nimetoka kusimama mbele ya darasa wiki kadhaa tu, na siku ya mwisho ya BTP nilikuwa na donge kooni. Wiki kadhaa! Huyu ana miaka 38.

Kule BTP nilipanga chumba kwa mama mmoja anayeoka keki za kuuza vipande mashuleni, kwa jiko la mkaa, na jioni nilikuwa namsaidia kukoroga. Kwa hiyo nilikuwa na ujuzi, ujuzi wa kweli si wa kusoma. Nikasema basi, tutaoka keki. Na itakuwa ya limau, maana yake ndio tunayo.

Mama alikataa kwanza. "Keki ya nini? Watu watasema tunashangilia mtu kuachishwa kazi."

Nikamwambia, "Mama, ni siku ya kuzaliwa."

"Ya kuzaliwa au ya kufungiwa geti?"

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu ndiye aliyejibu, tena bila kunyanyua macho kwenye sufuria analosugua. "Mama, serikali ina lake siku hiyo. Na sisi tuwe na letu." Mama akanyamaza, akaenda chumbani, akarudi na noti ya elfu kumi. Ilitosha karibu vyote, mimi nikaongezea elfu tatu na mia tano.

Niwaambie kuhusu huo mlimau manake una kisa. Muheza ni nchi ya machungwa, ukipita na basi la Tanga umeona wenyewe akina mama na ndoo barabarani. Michungwa mingi kwetu haipandwi kwa mbegu ya chungwa. Unaotesha mbegu ya limau, ile aina ya ganda lenye mabonde mabonde, kwa sababu mizizi yake ni migumu na inavumilia ukame. Mche ukinenepa kama penseli unabebesha kikonyo cha mchungwa mtamu juu yake. Chini mlimau, juu mchungwa. Sasa Baba mwaka ule nilipozaliwa mimi alinunua mche mmoja akaupanda nyuma ya nyumba. Sehemu ya juu ikafa. Ya chini ikachipua yenyewe. Watu walimwambia ang'oe, hilo ni shina tu, akasema ngoja tuone. Ndio huo sasa, una malimau mpaka yanaoza chini. Na tusichanganye, ndimu ni kale kadogo ka kijani kenye ganda laini, hili ni limau lenyewe, kubwa, la njano, ganda nene, mbegu kibao, maji yake ya kawaida tu. Lakini harufu ya ganda lake... ukilikwaruza chumba kizima kinajua.

Jumamosi asubuhi Baba alivaa shati lake jeupe akaenda shuleni kukabidhi funguo za kabati la vitabu. Alikataa kusindikizwa. Alipokata kona tu tukaanza.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, vipimo ni hivi, na ni rahisi kukumbuka maana vyote ni robo: robo kilo ya unga wa ngano, robo kilo ya sukari, robo kilo ya siagi, mayai manne. Beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi ya kubana kwa vidole, maganda ya malimau mawili yaliyokwaruzwa, na maji ya limau vijiko vitatu vya chakula. Ya kumwagia juu mwisho, maji ya limau moja kubwa na sukari vijiko vinne.

Unaanza na siagi na sukari. Hapa ndo watu wanachoka mapema. Koroga na mwiko mpaka rangi igeuke iwe nyeupe nyeupe na mkono uume, maana sukari inatoboa siagi na kuingiza hewa, na hewa hiyo ndo inayoibeba keki. Yai moja moja, koroga kila mara. Ganda la limau unakwaruza ile njano tu, ukifika kwenye nyeupe simama, nyeupe ni chungu. Harufu ya limau imo kwenye mafuta ya ganda, uchachu umo kwenye maji, ndio maana keki yenye maji ya limau peke yake inakuwa chachu bila kunukia. Unga uliochanganywa na beking pauda unauchekecha, unaingiza taratibu. Maji ya limau yanakuja mwisho kabisa, halafu hakuna kupiga stori, kwa sababu asidi ikikutana na magadi yaliyomo kwenye ile pauda hewa inaanza kutoka papo hapo. Ukichelewa hewa yako imeishia kwenye bakuli.

Ovena hatuna. Tuna sufuria kubwa, tukamwaga mchanga mkavu unene wa vidole viwili, tukafunika ukapata moto robo saa. Sufuria ndogo ya keki imepakwa siagi na kunyunyiziwa unga, ikakalishwa juu ya mchanga. Juu tukafunika na sinia la bati na kupanga makaa. Siri aliyonifundisha yule mama ni kwamba moto wa juu uzidi wa chini. Ukiweka mwingi chini keki inaungua tako na huku juu ni uji.

Bibi alivuta kigoda akakaa karibu na jiko kulinda. Dakika ya ishirini harufu ikatoka. Mama alikuwa ndani anakunja nguo, akatoka mlangoni, akasimama tu pale na kanga ya mtu mkononi. Hakusema kitu. Baadaye nikaona anafagia uwanja, halafu anatoa vile vikombe vya maua ambavyo havitoki mpaka aje padri. Hapo nikajua tumeruhusiwa.

Baada ya dakika hamsini hivi nikachoma katikati na njiti ya mfagio mpya, ikatoka kavu. Keki ingali ya moto tukaitoboa toboa na kuimwagia yale maji ya limau na sukari. Inanywa yenyewe, kesho yake bado ni laini.

Baba alirudi saa kumi. Mkononi ana mfuko wa plastiki, ndani kuna dasta, boksi la chaki lililobaki nusu, na ile bikari kubwa ya mbao ya ubaoni ambayo alijinunulia mwenyewe miaka ya tisini. Ndo mizigo yote ya miaka 38. Akakuta meza imewekwa chini ya mlimau, kitambaa, keki katikati, sisi, Bibi, dada mkubwa na mumewe waliokuja kutoka Tanga mjini, na watoto wa jirani ambao harufu iliwaalika.

Alisimama. Akaniangalia mimi, akaangalia keki. Nikaogopa kidogo kwamba Mama alikuwa sahihi.

Akauliza, "Umetumia ganda?"

"Ndio Baba."

"La mti huu?"

"La mti huu."

Akaweka mfuko chini akaenda kunawa.

Hakuna hotuba iliyotolewa. Kwetu desturi ya kulishana keki tumeiona kwenye harusi tu, lakini mdogo wangu akampa kisu. Mwalimu wa Hisabati akipewa keki ya duara na kisu mnategemea nini? Akakata nusu. Akauliza watoto wa jirani, "Hii ni nini?" Wakajibu. Akakata tena, "Na hii?" Robo! Akaenda hivyo mpaka vipande kumi na sita vilivyo sawa kabisa, kama vimepimwa na ile bikari. Akahesabu watu, tulikuwa kumi na wanne. Akagawa, cha kwanza akamlisha Bibi kwa mkono wake. Vikabaki viwili kwenye sahani. Akawageukia wale watoto. "Keki iliyobaki ni sehemu gani ya keki yote? Anayejibu anakula kimoja."

Wakaanza kupayuka, mbili! kumi na sita! Katoto kamoja ka darasa la nne, kapole, kakakuna kichwa, kakasema, "Moja ya nane, mwalimu."

"Kwa nini?"

Kakaeleza kwa nini. Kakapewa kipande. Na Mama, nilimwona, akageuka upande wa ukuta akajifuta macho na ncha ya kanga.

Bibi naye alikuwa anamung'unya taratibu, meno yamebaki machache. Alipomaliza akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Keki nzuri. Lakini hii ni keki ya karatasi. Ya mwanangu tutakula vuli, akitimiza hamsini na tisa."

Baba alicheka. Wadau, sikuwahi kumsikia akicheka namna hiyo tangu nifike. Alicheka mpaka akashika meza.

Usiku ule alimwomba Mama daftari. Wakakaa sebuleni, kile kipande cha mwisho katikati yao wanakimega, wakafanya hesabu kwa sauti, hadharani, na mimi nimo. Hesabu haikuwa nzuri. Chumba cha nyuma kitasubiri. Nilipe ada yangu ya mwisho kwa sehemu gani na mkopo kwa sehemu gani, tuliongea. Keki haiongezi asilimia kwenye mkupuo, tusidanganyane. Lakini kabla ya Jumamosi kila mtu alikuwa anabeba hesabu hiyo peke yake gizani, na ninachojua ni kwamba baada ya hapo tulikuwa tunaibeba watano.

Kingine. Kesho yake asubuhi Baba aliniuliza mbegu za yale malimau ziko wapi. Mdogo wangu alikuwa amezichuja akaziacha kwenye bakuli la maji, hakuwa ametupa. Baba akafurahi, maana mbegu ya limau ikikaushwa inakufa haraka, inatakiwa iingie ardhini mbichi. Akawaita wale watoto wa jirani wahesabu: 53. Wakazipanda kwenye kreti la mchanga kivulini, mistari iliyonyooka kama daftari la mwandiko. Anasema zikiota ataanzisha kitalu, ataotesha miche ya limau na kubebesha michungwa, auze. Kazi hiyo inataka subira, zaidi ya mwaka kabla hujauza mche wa kwanza. Lakini mtu aliyefundisha darasa la kwanza kusoma ana subira ya akiba.

Jana mdogo wangu alinitumia ujumbe. Mbegu 31 zimeshachomoza. Na Bibi ameagiza nisisahau kwamba vuli inakaribia. Nikamjibu mdogo wangu kuwa mimi vuli nitakuwa darasani, vipimo anavyo, vyote ni robo, moto wa juu uzidi wa chini, na safari hii yeye ndiye muokaji. Akaniuliza mishumaa waweke mingapi.

Nikamwambia muulize Bibi.

Nawasilisha. Ripoti inanisubiri.